Sheria na Familia ya Askari: Mwongozo Kamili kwa Walio Nakuru, Kisumu na Magharibi ya Kenya

Sanduku lilikuwa la bati, rangi ya kijani, na namba ya jeshi ya mwenyewe imepakwa kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko. Mjane kutoka Seme alilileta kwa bodaboda hadi ofisini tunakotoa usaidizi wa kisheria hapa Kisumu, akaliweka mezani, akasema, "Kila kitu chake kiko humu, dada." Tulitoa buti, picha za gwaride la kufuzu Eldoret, risiti za ploti, na nakala ya fomu ambayo marehemu aliijaza alipoandikishwa. Pale pa jamaa wa karibu palikuwa na jina la mamake, ambaye alizikwa miaka mitatu kabla ya mwanawe. Mke hakuwemo. Watoto wawili hawakuwemo.

Sheria ilikuwa upande wa mjane huyo tangu siku ya kwanza. Hata hivyo ilimchukua mwaka na zaidi kuthibitisha jambo ambalo mumewe angelimaliza kwa asubuhi moja akiwa likizoni. Mimi mwenyewe nimelelewa Lanet, mtoto wa askari, na nimeona familia nyingi zikizunguka kwa sababu ya karatasi moja. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye karatasi kabla sijafika mahakamani.

Kwanza, jua sheria inayokuhusu

Mwanajeshi wa KDF yuko chini ya Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya mwaka 2012. Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo mfanyakazi wa kiwandani hukimbilia akifutwa kazi, inasema wazi kwamba haiwahusu wanajeshi. Sheria ya fidia za majeraha kazini ya 2007 nayo imewaacha nje. Nalisema mapema kwa sababu nimewaona watu wakilipa ada kwa madai yaliyoandikwa chini ya sheria isiyowahusu, kisha kesi inatupwa kabla mtu hajatoa ushahidi. Wakili akikuambia ataleta kesi ya askari chini ya Sheria ya Ajira, mwulize maswali zaidi au tafuta mwingine.

Katiba nayo, katika kifungu cha 24(5), inaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za wanajeshi: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, haki za kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za mtu aliyekamatwa. Lakini kifungu cha 25 kimetaja mambo ambayo hayaguswi na yeyote, awe na nyota ngapi begani: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na haki ya kuomba mahakama iamuru mtu aliyezuiliwa aletwe mbele yake. Familia isiyoruhusiwa kujua askari wao anazuiliwa wapi inaweza kwenda Mahakama Kuu na ombi la aina hiyo.

Polisi wa kawaida, AP na GSU wana sheria yao tofauti. Mambo ya mirathi, watoto na ardhi nitakayoyaeleza hapa chini yanawahusu wote sawa.

Karatasi kabla ya safari

Afande, kabla hujapanda lori kwenda operesheni, tenga siku mbili za likizo kwa haya.

Anza na ndoa. Wengi wetu huku magharibi tumeoana kimila: wazazi wamekutana, ng'ombe wametoka, watoto wamezaliwa, lakini hakuna cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila ziandikishwe kama zile nyingine. Maombi huanzia eCitizen na kuishia kwa msajili wa ndoa. Utahitaji picha, vitambulisho, barua ya chifu na viapo vya kuonyesha kwamba taratibu za mila zilifuatwa. Ukishapata cheti, peleka nakala kikosini ili kumbukumbu zako zibadilishwe. Fanya vivyo hivyo na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, yule wa nje ya ndoa pia. Najua hapo ndipo wengi husita. Mtoto huyo ana haki sawa na wenzake, na atajitokeza siku ya matanga usipomwandika leo.

Halafu zungukia kila mahali ulipowahi kuandika jina la mtu wa kupokea fedha zako: kikosini, kwenye sacco, kwenye bima ya maisha. Akiba ya sacco hulipwa yule uliyemwandika, kwa hiyo jina la mchumba wa zamani likibaki pale, mke wako atakuwa na kesi badala ya hundi. Hakikisha pia kwamba mke na watoto wameandikishwa kwenye bima ya matibabu ya jeshi, DEFMIS, na kwamba majina yao yanalingana herufi kwa herufi na vitambulisho. Achieng' kwenye kitambulisho na Acheng kwenye fomu ni hati ya kiapo na safari nyingine.

Sasa wosia. Wosia wa maandishi unatakiwa kuwa na sahihi yako na mashahidi wawili, na shahidi asiwe mtu anayerithi. Andika kwa lugha unayoielewa, Kiswahili kinatosha. Kuna jambo ambalo askari vijana hawaambiwi: kuoa kunafuta wosia ulioandika ukiwa mseja, isipokuwa uliuandika ukitaja kwamba unatarajia kumwoa mtu fulani. Ukioa, andika upya.

Sheria ya Urithi, sura ya 160, imemkumbuka askari kwa namna ya pekee. Raia akitoa wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili, ni lazima awe amefariki ndani ya miezi mitatu ili wosia huo usimame. Mwanajeshi aliye katika utumishi wa vita hana kikomo hicho: wosia wake wa mdomo unasimama mradi amefariki ndani ya kipindi kile kile cha utumishi. Wanajeshi wenzake wawili waliomsikia akisema "ng'ombe wa Muhoroni ni wa mama, nyumba ni ya mke wangu" ni mashahidi halali. Ila wosia wa mdomo hauwezi kupinga wa maandishi ambao haujafutwa, na mashahidi wakipingana, mambo huharibika haraka. Hiyo ni njia ya dharura tu. Mwenye siku moja ya likizo na aandike.

La mwisho hapa ni hati ya uwakili, inayompa mke au ndugu mamlaka ya kukutendea mambo ukiwa mbali. Ikihusu ardhi, isajiliwe. Iandike kwa kazi maalumu, kwa mfano kufuatilia hatimiliki ya ploti fulani, wala usiseme "mambo yangu yote." Na familia ijue kwamba hati hii huisha nguvu mwenye kuitoa akifariki. Nimemwona shemeji akiuza shamba kwa hati ya uwakili ya marehemu, na mnunuzi akapoteza fedha zake.

Askari akishtakiwa

Makosa madogo husikizwa na kamanda wa kikosi. Makubwa, kama kutoroka jeshini, huenda mahakama ya kijeshi, ambayo kwa eneo letu inaweza kuketi ndani ya kambi yenyewe. Familia nyingi hudhani hiyo ni mahakama ya maafande peke yao. Kifungu cha 169 cha Katiba kimeiweka pamoja na mahakama za chini, sawa na ya hakimu, na anayeongoza mambo ya sheria ndani yake ni hakimu au wakili wa uzoefu wa miaka 10 anayeteuliwa na Jaji Mkuu. Pamoja naye huketi maafisa wasiopungua watano mshtakiwa akiwa afisa, au watatu akiwa wa cheo cha chini.

Mshtakiwa ana haki ya wakili anayemchagua mwenyewe. Asipoweza kumlipa, na kukosa wakili kukileta dhuluma kubwa, Katiba kifungu cha 50 kinataka serikali imwekee mmoja. Aseme mapema, kwa maandishi, kwamba anataka wakili. Ana haki pia ya kupinga mjumbe anayeketi kumhukumu kama ana sababu, kwa mfano kama mjumbe huyo ndiye aliyemshtaki au ana ugomvi naye.

Kazi ya familia ni nini? Kutafuta wakili mara moja, kuandika tarehe zote, na kuhifadhi kila kitu kinachoeleza kutokuwepo kwake kazini: kadi ya hospitali, barua ya msiba, ujumbe wa simu aliomtumia mkubwa wake kuomba ruhusa. Kijana mmoja wa Bungoma alichelewa kurudi kambini kwa sababu mtoto wake alikuwa wodini. Mkewe alikuwa ametunza risiti ya kila usiku, na wakili aliweza kuzipanga siku hizo moja baada ya nyingine.

Akitiwa hatiani, rufaa huenda Mahakama Kuu, na kutoka huko, kwa hoja za kisheria, Mahakama ya Rufani, ambayo ina kituo hapa Kisumu. Siku za kukata rufaa ni chache. Siku ile ile hukumu inaposomwa, mwambieni wakili aombe nakala ya mwenendo wa kesi, kwa maandishi.

Jeraha, kuachishwa kazi na malalamiko

Askari mwenye lalamiko kuhusu cheo, malipo au kuachishwa kazi anaanza ndani: kwa kamanda wake, kisha anapanda ngazi hadi juu. Najua mtu hukata tamaa na njia hiyo. Hata hivyo mahakama itakuuliza kama umeimaliza, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inataka hivyo hivyo. Andika lalamiko, weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Lalamiko la mdomo halina ushahidi.

Aliyejeruhiwa ahakikishe tukio limeandikwa siku lilipotokea, na kwamba karatasi za hospitali zinasema jeraha lilipatikana wapi na katika kazi gani. Bodi ya madaktari itakapokaa miaka baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayotenganisha jeraha la kazini na ugonjwa wa kawaida. Hili linahusu akili pia. Mume aliyerudi kutoka Somalia asiyepata usingizi usiku, anayepiga kelele, anayeogopa mlio wa pikipiki, na aende kliniki akaandikwe. Mkewe aandike tarehe mambo yalipoanza.

Ukinyimwa kumbukumbu zako, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Yapo mambo ya usalama wa taifa ambayo hutapewa, lakini faili yako ya matibabu si siri ya vita. Ukipuuzwa, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman, ambayo ina ofisi Kisumu. Hailipishi.

Sasa shika kikomo hiki, maana ndicho kinachoua kesi nyingi: ukitaka kuidai serikali fidia kwa madhara, una miezi 12 tu tangu jambo litokee. Kwa madai ya mkataba ni miaka mitatu. Gari la jeshi likimgonga mtoto wako Gilgil, usisubiri ahadi za maneno hadi mwaka upite. Familia hungoja kwa heshima na kwa woga, na siku zinahesabiwa vilevile.

Matunzo ya mtoto, na dhuluma nyumbani

Mama aliyeachwa na mtoto wa askari huambiwa aandike barua kwa kamanda. Aandike, haidhuru, na mara nyingine husaidia. Lakini amri ya mahakama ina uzito ambao barua ya malalamiko haina. Anza kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako; huduma ni bure, na mkikubaliana atawaandikia makubaliano mtakayotia sahihi. Msipokubaliana, nenda mahakama ya watoto, iliyo kwenye mahakama za mahakimu. Sheria ya Watoto ya 2022 inawapa wazazi wote wawili wajibu sawa, wawe wameoana au la. Baba akikana, mahakama inaweza kuamuru vipimo vya DNA. Beba cheti cha kuzaliwa, risiti za karo na matibabu, na orodha ya matumizi ya mwezi mmoja iliyoandikwa kwa ukweli. Hakimu huiona mara moja orodha iliyotiwa chumvi.

Akikupiga, kwamba yeye ni mwanajeshi hakukuzuii kwenda kituo cha polisi cha raia. Nenda hospitali kwanza, kisha polisi, chukua namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, na fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha yako. Mahakama inaweza kukupa amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 dhidi ya dhuluma za nyumbani. Namba 1195 hupigwa bure saa zote kwa dhuluma za kijinsia, na 116 kwa mtoto. Wanaoishi nyumba za kambini huogopa kufukuzwa siku hiyo hiyo, na woga wao una msingi. Tafuta pa kulala wewe na watoto kabla hujatoa ripoti, mradi hakuna hatari ya papo hapo.

Askari akifariki

Mwili ukifika na gwaride likaisha, ukoo huanza vikao. Mazishi na urithi ni mambo mawili. Tangu kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno mwaka 1987, Mahakama ya Rufani ilipoamua azikwe kwao Siaya kinyume na alivyotaka mjane wake, watu wengi hudhani anayeupata mwili ndiye mwenye mali. Si hivyo. Mama, unaweza kukubali mume azikwe dala kwao bila kuachia hata shilingi moja ya haki yako na ya watoto.

Usitie sahihi karatasi yoyote wiki ya matanga. Chukua muda.

Baadaye pata cheti cha kifo, kisha barua ya chifu inayowataja wote walioachwa: mke au wake, watoto wote, na wazazi kama aliwatunza. Sheria inamtambua mke wa kimila katika urithi hata kama kulikuwa na mwingine mwenye cheti, kwa hiyo kumficha mke mwenza kwenye barua ni kupanda kesi ya kufuta usimamizi wa mirathi miaka ijayo. Nimekaa na wake wenza wawili wa marehemu mmoja wa Vihiga kwenye benchi moja la mahakama. Walipokubali kutia sahihi pamoja, faili yao ilitembea kuliko zote tulizokuwa nazo mwaka huo.

Mali ikiwa ya thamani isiyozidi shilingi milioni 20, hakimu mkuu anaweza kusikiza. Mahakimu wa ngazi za chini wana viwango vyao vidogo zaidi. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, iliyoko Kisumu, Nakuru, Eldoret, Kakamega, Bungoma, Busia na miji mingine ya eneo hili. Bila wosia, utajaza fomu ya P&A 80 pamoja na kiapo cha P&A 5 kinachoorodhesha mali na warithi, na wenzako watatia sahihi P&A 38 kuonyesha wamekubali. Siku hizi kila kitu hupandishwa kwa mfumo wa intaneti wa mahakama. Masjala wana dawati la kusaidia, na mtu wa saiba ukimlipa ahakikishe namba ya simu iliyowekwa ni yako.

Tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi, watu wana siku 30 za kupinga, kisha hutolewa barua za usimamizi, zinazompa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu. Kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya kuthibitishwa ili mali igawanywe. Watoto wakiwa wadogo, sheria haitaki msimamizi mmoja peke yake, hivyo tafuta wa pili unayemwamini mapema, usije ukarudishwa kwa sababu hiyo. Kukiwa na jambo lisilongoja, kama kodi au mali inayoharibika, omba kibali cha muda cha kukusanya na kulinda mali. Anayeuza ng'ombe au kuvuna miwa ya marehemu bila mamlaka anatenda kosa la jinai, awe shemeji au mwana mkubwa.

Njia nyingine ni Mdhamini wa Umma, chini ya Mwanasheria Mkuu, ambaye husimamia mirathi kwa niaba ya familia. Humfaa mjane ambaye ukoo umemkalia.

Pensheni na malipo ya kifo huombwa kupitia kikosi na ofisi ya pensheni ya Wizara ya Ulinzi. Andika namba ya jeshi ya marehemu kwenye kila barua. Usimlipe mtu anayedai ana "mjomba ndani" wa kusukuma faili.

Asiyejulikana aliko

Kambi ya jeshi letu ya El Adde, Somalia, ilipovamiwa tarehe 15 Januari 2016, wengi wa waliokuwa pale walikuwa wametoka Moi Barracks, Eldoret, na kuna familia zilizongoja kwa muda mrefu vipimo vya DNA. Jeshi likithibitisha kifo, taratibu za hapo juu zinaanza. Lisipothibitisha, sheria ya ushahidi inasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia huchukuliwa kuwa amefariki, na mahakama inaweza kutoa amri hiyo. Katika miaka hiyo tunza kila barua na kila jibu la jeshi.

Ploti na madeni

Askari hununua ardhi kwa simu, na matapeli wanalijua hilo. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutuma chochote, na kwa shamba la kilimo hakikisha kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi kimeombwa ndani ya miezi sita ya mkataba. Deni lisilozidi shilingi milioni moja lipeleke mahakama ya madai madogo. Kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60, na huhitaji wakili.

Mahali pa kubisha hodi

Asiye na uwezo aende kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016, ambayo ina ofisi Kisumu na Nakuru. Mwanamke mwenye kesi ya ndoa, mtoto au urithi aende FIDA, shirikisho la mawakili wanawake, Kisumu. Humfundisha pia mtu kujisimamia mwenyewe mbele ya hakimu, na nimeona wanawake wakifanya hivyo kwa ujasiri. Mateso au mtu kupotea akiwa mikononi mwa dola ni jambo la Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, yenye ofisi Kisumu na Kitale. Waliostaafu wana chama chao, DEFOCA, na kuna Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya 2022 ambayo wakili wako anapaswa kuwa ameisoma.

Siku ya kwanza ofisini, njoo na kitambulisho, vyeti vya ndoa na vya watoto, namba ya jeshi, na daftari lenye tarehe kwa mpangilio: lini alisafiri, lini ulipigiwa simu, nani alikuambia nini. Toa nakala tatu za kila karatasi. Nakala za asili zirudi nawe nyumbani; ofisi ikizitaka, zionyeshe, zisibaki. Na usiondoke dirishani mpaka nakala yako imegongwa muhuri wenye tarehe ya siku hiyo.